Mwimbie mtoto alikotoka: Litungu na safari za mababu wa Tarime na Serengeti

Tarime. Muulize mtoto wa darasa la tano anayeishi Sirari, Nyamongo au Mugumu akutajie mji mkuu wa Ufaransa. Huenda akajibu kabla hujamaliza swali. Sasa muulize babu wa babu yake alitoka wapi, na kwa nini alihama. Atakutazama tu. Mara nyingi hata mzazi wake atakutazama vivyo hivyo.

Si kwamba historia hiyo haipo. Sehemu yake kubwa imo kwenye nyimbo, hasa zile zinazopigwa kwa litungu. Nyimbo hizo husikika harusini, kwenye sherehe za kifamilia na siku hizi kwenye simu za vijana wa bodaboda. Watu wanacheza, wanatunza, wanashangilia. Wanaosikiliza maneno ni wachache, na wanaokaa na mtoto kumweleza maana yake ni wachache zaidi.

Kwa wazazi wa Tarime na Serengeti jambo hili ni la malezi kama lilivyo la utamaduni. Watafiti wa saikolojia ya watoto wameona kuwa mtoto anayeijua safari ya familia yake huwa na msimamo zaidi maishani. Lakini mkoani Mara lipo swali gumu linaloambatana na ngoma za asili, nalo ni namna ya kumrudishia mtoto wimbo wa mababu bila kumrudishia kisu cha ngariba.

Chombo chenye nyuzi nane

Litungu, ambalo Wakurya huliita iritungu, ni chombo cha nyuzi nane. Mwili wake ni gogo lililochongwa likawa na uwazi ndani na kuwambwa ngozi. Juu yake husimama miti miwili inayoshikwa na mti wa kukingama, na hapo ndipo nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa mishipa ya mnyama, lakini leo mafundi wengi hutumia nailoni. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, akapiga na kuimba, huku wenzake wakimwitikia.

Mpigaji mzuri wa litungu ni zaidi ya mburudishaji. Husifu ukoo, hutaja watu kwa majina ya baba zao, hukumbusha njaa iliyopita, vita, mifugo iliyoibwa na iliyorudishwa. Kwa jamii ambayo kwa karne nyingi haikuwa na maandishi, mtu huyo alifanya kazi ambayo leo ingefanywa na gazeti na kitabu cha historia kwa pamoja.

Chombo chenyewe nacho kina ushuhuda wake. Wajaluo wa Rorya na wa Kenya wana nyatiti, ambayo nayo ina nyuzi nane. Wakisii wana obokano, nalo lina nyuzi nane na sauti nzito zaidi. Watu wanaotengeneza vyombo vinavyofanana kiasi hicho wamewahi kukaa jirani, kuoana, kuuziana na hata kupigana. Mtoto akioneshwa vyombo hivyo vitatu ataelewa jambo ambalo maelezo marefu yangemchosha, kwamba mababu zake hawakuishi peke yao.

Wote ni wahamiaji

Ukifuatilia masimulizi ya wazee wa wilaya hizi mbili, utagundua kuwa karibu kila jamii inaanza historia yake kwa safari.

Wakurya wamegawanyika katika koo nyingi, zikiwamo Wakira, Wanchari, Wairegi, Wanyamongo, Watimbaru na Wanyabasi. Wapo wazee wanaosimulia kuwa asili yao ni mbali kaskazini, na wengine huitaja Misri. Mwanahistoria wa Kenya, Paul Abuso, alikusanya masimulizi ya aina hiyo katika kitabu chake kuhusu historia ya Wakurya kilichochapishwa mwaka 1980. Wataalamu wa lugha, kwa upande wao, wanaonyesha undugu wa karibu kati ya Kikurya, Kikisii, Kingoreme, Kizanaki na Kiikoma. Neno la “mtu”, kwa mfano, ni omonto kwa Mkurya na kwa Mkisii pia.

Upande wa Serengeti, Waikoma husimulia kuwa chimbuko lao ni mwindaji aliyetoka Sonjo, mashariki ya mbuga, upande wa Loliondo. Wanata humtaja mwanamume mwindaji, Nyamunywa, aliyekutana na mwanamke mkulima, Nyasigonko, na kutoka kwao ukazaliwa ukoo. Waishenyi hukumbuka makazi yao ya kale, Nyeberekera, waliyoyaacha na kutawanyika. Nao Wakurya wengi wanaoishi Serengeti leo ni watoto na wajukuu wa watu waliovuka Mto Mara kutoka Tarime katika karne ya 20 wakitafuta mashamba na malisho.

Masimulizi haya yamehifadhiwa kwa sehemu kubwa na mwanahistoria Mmarekani, Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi kwa miaka mingi na wazee wa Mara. Kitabu alichohariri mwaka 2003 kilitoa historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara ya kusini, na kile cha mwaka 2007 kilieleza jinsi jamii za magharibi mwa Serengeti zinavyokumbuka historia yao kupitia majina ya mahali: kilima hiki, chemchemi ile, mti ule.

Historia ilivyokatika

Kumbukumbu inayoshikiliwa na mahali hupata shida watu wanapoondolewa mahali hapo. Hilo limetokea Mara zaidi ya mara moja.

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliangamiza ng’ombe Afrika Mashariki. Ndui na njaa vikafuata. Familia nyingi za Serengeti zilihama kutafuta chakula, wengine wakafika hadi Usukuma, na si wote waliorudi.

Kipindi hichohicho, mwaka 1886, Wajerumani na Waingereza walichora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, na Wakurya wakajikuta pande mbili. Leo ndugu wa ukoo mmoja wapo Tarime na Serengeti nchini Tanzania, na wengine wapo Kaunti ya Migori nchini Kenya. Watoto wao husoma mitaala miwili tofauti.

Mwaka 1951 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mwaka 1959 mipaka yake ikapangwa upya. Maeneo ya kale ya jamii za magharibi, likiwamo Nyeberekera, yamo ndani ya hifadhi. Mzee hawezi tena kumshika mjukuu mkono na kumwambia, “Hapa ndipo babu yangu alipojenga.” Kisha katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, familia zikahamishwa kutoka kwenye mashamba yaliyotawanyika na kuwekwa pamoja vijijini.

Mahali palipoondoka, kilichobaki ni maneno. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka.

Waliovuka bahari na opera yao

Mara si mahali pekee palipopitia hali hii. Wachina wa jimbo la Guangdong walipovuka bahari kwenda California katikati ya karne ya 19 kutafuta dhahabu, walibeba opera yao ya Kikantoni, ambayo ni mchezo wa jukwaani unaochanganya uimbaji, ngoma, sarakasi na hadithi za kale. Kundi la Hong Fook Tong lilitumbuiza San Francisco mwaka 1852. Wachina haohao ndio waliofanya kazi ngumu ya kutoboa milima kwa ajili ya reli iliyounganisha mashariki na magharibi ya Marekani, iliyokamilika mwaka 1869.

Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini humo, na sheria hiyo ilifutwa mwaka 1943. Kwa muda mrefu vitabu vya shule viliwataja kidogo au havikuwataja kabisa. Opera ilibaki kuwa mahali ambapo mtoto aliyezaliwa ugenini angeweza kusikia lugha ya wazazi wake na hadithi za walikotoka. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Karibu zaidi na Mara, hapa hapa Kanda ya Ziwa, upo mfano wa Bujora, Kisesa mkoani Mwanza. Huko padri kutoka Kanada, David Clement, aliwakusanya Wasukuma kuhifadhi ngoma na vitu vyao, na makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968. Kila mwaka ngoma za Bulabo huchezwa kwa mashindano, na watoto huenda na wazazi wao kuangalia. Ngoma ya jadi imepata nafasi pembeni ya kanisa, na watu hawaoni ajabu.

Kwa nini mtoto aijue safari hiyo

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush, waliandaa maswali 20 ya kuwauliza watoto kuhusu familia zao. Je, unajua wazazi wako walikutana wapi? Unajua bibi na babu walikulia wapi? Unajua jambo gumu lililowahi kuipata familia yenu?

Walibaini kuwa watoto waliojua majibu mengi walijithamini zaidi na waliamini kuwa wanaweza kuyaongoza maisha yao. Watafiti hao walitahadharisha kuwa kukariri majibu hakumjengi mtoto. Kinachomjenga ni mazungumzo yenyewe ya nyumbani, yale yanayofanyika mezani, safarini na wakati wa sikukuu, mwaka baada ya mwaka.

Jambo jingine waliloeleza linazihusu sana familia za Mara. Zipo familia zinazosimulia mafanikio tu, na zipo zinazosimulia hasara tu. Masimulizi yenye nguvu zaidi kwa mtoto ni yale yenye kupanda na kushuka: tulikuwa na ng’ombe, sotoka ikawamaliza, tukahama, tukapokewa ugenini, tukaanza upya. Mtoto aliyesikia hayo, siku atakapofeli mtihani au mzazi atakapopoteza kazi, ana mahali pa kuegemea. Anajua kuwa kwao watu waliwahi kuanguka wakainuka.

Tatizo la kisu

Hapa ndipo wazazi wengi wanapositasita, na wana sababu. Kwa Wakurya na baadhi ya jamii jirani, nyimbo na ngoma za asili zimefungamana na msimu wa tohara, ambao mara nyingi huangukia Desemba shule zikifungwa. Katika msimu huo wavulana hutahiriwa na wasichana hukeketwa. Msichana ambaye hajakeketwa huitwa omosagane, jina la dharau, na dharau hiyo huimbwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, ikilinganishwa na asilimia 8 kitaifa. Ukeketaji hauna faida yoyote ya kiafya. Huleta kutokwa damu nyingi, maambukizi, maumivu ya muda mrefu na matatizo wakati wa kujifungua, na wapo waliopoteza maisha. Tangu mwaka 1998 sheria imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni pamoja na kifungo cha miaka 5 hadi 15 jela.

Kwa sababu hiyo baadhi ya familia zimeamua kuachana na kila kitu cha kimila, ngoma na nyimbo zikiwamo. Uamuzi huo unaeleweka, lakini una gharama yake. Mtoto anabaki bila historia, na wanaotetea ukeketaji wanabaki kuwa ndio pekee wanaozungumza kwa jina la mababu. Msichana anaambiwa achague kati ya mwili wake na ukoo wake.

Vituo vinavyowapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji vimelielewa jambo hili. Kituo cha Masanga wilayani Tarime huwahifadhi wasichana katika msimu huo, huwafundisha kuhusu afya na haki zao, na huwafanyia mahafali ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Wilayani Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama mjini Mugumu. Msichana hapotezi sherehe wala wimbo, kwa sababu kinachoondolewa ni kisu.

Historia yenyewe inamsaidia mzazi anayetaka kufuata njia hiyo. Mababu walioacha makazi ya zamani, wakabadili kilimo, wakapokea wageni na kuoa makabila mengine, walikuwa watu wa kubadilika. Anayesema mila haiguswi huenda hajasikiliza vizuri nyimbo za safari.

Mzazi aanzie wapi

*Rekodi wazee mapema.* Simu uliyonayo inatosha. Omba ruhusa, kaa mahali pasipo kelele, kisha uliza maswali mafupi: Baba yako alizaliwa wapi? Kabla ya hapo walikaa wapi? Waliondoka kwa sababu gani? Nani aliwapokea? Taja jina la mzee na tarehe mwanzoni mwa sauti, na hifadhi nakala kwa ndugu mwingine, maana simu huibwa na huharibika.

*Usiwasahau akina bibi.* Katika kitabu chake cha mwaka 2019, Shetler anaeleza kuwa wanaume wa Mara mara nyingi husimulia historia ya ukoo na mipaka yake, ilhali wanawake, ambao huolewa nje ya ukoo wao, hukumbuka mahusiano yanayovuka mipaka hiyo: nani ni shemeji wa nani, nani alimlisha nani wakati wa njaa. Kwa eneo ambalo limeshuhudia mapigano ya koo na wizi wa mifugo hadi likawekewa kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya, kumbukumbu ya bibi ina thamani kubwa.

*Sikilizeni wimbo mmoja pamoja.* Chagua wimbo wa litungu ambao babu au mjomba anaupenda. Mwombe autafsiri mstari kwa mstari kwa Kiswahili kama mtoto hajui lugha ya nyumbani. Jina la mahali likitajwa, litafuteni kwenye ramani ya simu.

*Chuja.* Si kila mstari wa zamani unafaa kwa mtoto. Wimbo unaomdhalilisha msichana ambaye hajakeketwa, au unaochochea kulipiza kisasi kwa ukoo mwingine, usiupitishe kimya kimya. Kama mtoto ameshausikia, mweleze wazi kwa nini nyumbani kwenu hauimbwi.

*Simulia pande zote mbili.* Tarime mjini na Mugumu zina ndoa nyingi za mchanganyiko. Mtoto wa Mkurya na Mjaluo, au wa Mngoreme na Msukuma, ana safari mbili za kusikia. Mtoto wa mtumishi aliyehamishiwa Mara kutoka mkoa mwingine naye ana ya kwake, na inaanzia siku ile basi lilipowashusha stendi.

*Shirikisha shule.* Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu amwalike mpigaji wa litungu au mzee wa kijiji siku moja, akakubaliana naye mapema ni nyimbo zipi zitaimbwa.

Iwapo mzazi au mtoto ana hofu kuwa kuna maandalizi ya ukeketaji, Simu ya Huduma kwa Mtoto namba 116 hupigwa bure. Dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi nalo hupokea taarifa.

Likizo ya Desemba huwakutanisha wajukuu na wazee kwa wiki kadhaa. Jioni moja, baada ya chakula, televisheni ikizimwa na litungu likiwekwa kwenye simu, swali la kuanzia ni jepesi: “Babu, huyu anayeimba anamtaja nani?”